Dhamana ya Mshika Funguo

Mahali popote wakaapo watu wengi pamoja hapakosi mtu mmoja aliyeshika funguo. Ghala lina mtunza ghala, bweni lina msimamizi, mji wa kale ulikuwa na mlinda lango, na kila usiku wengi hulala kwa kuwa mmoja yu macho. Desturi hii ni ya zamani, na faida yake haihitaji kuhubiriwa. Lakini pamoja na faida hiyo limezaliwa swali ambalo halijapata kuzeeka: mtu ashikaye funguo za vyumba vya wengine ana haki gani juu ya wale waliomo ndani? Nakuomba, msomaji, tulitazame swali hili pamoja. Mfano wetu mkubwa utatoka katika kompyuta, chombo cha zama zetu; lakini hukumu tutakayoitafuta ni hukumu juu ya mioyo ya watu, na mioyo ya watu haikubadilika sana tangu komeo la kwanza lilipotiwa mlangoni.

Na tuanze katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands. Huko ziko nyumba za kila namna. Iko Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940. Ziko Maringo, Jericho na Bahati, ambazo baraza la mji liliwajengea wafanyakazi. Ziko Buruburu na Umoja, zilizoanza kujengwa katika miaka ya 1970. Tena iko mitaa ya Kayole, Huruma na Pipeline, ambako majumba ya ghorofa ya watu binafsi yamesongamana hata jua hupita kwa taabu. Katika jumba moja la namna hiyo, vyumba vingi hutegemea lango moja, tangi moja la maji, na waya mmoja wa umeme uingiao kutoka barabarani. Mwenye nyumba aghalabu hakai hapo. Mahali pake humweka mwangalizi, ambaye wapangaji humwita keateka. Huyu ndiye afungaye lango usiku, ndiye afunguaye maji yajapo, na ndiye aitwaye taa zizimikapo. Mpangaji mmoja akitumia jiko la koili ambalo waya hauwezi kulichukua, fyuzi hukatika, na ghorofa nzima hukaa gizani kwa sababu ya sufuria moja ya maharagwe. Hapo ndipo kila mtu hukiri kwamba afadhali awepo mtu wa kuweka kanuni na kuzisimamia.

Lakini keateka huyo huyo aweza kutia kufuli yake juu ya mlango wa mpangaji aliyechelewa kulipa kodi, na vitu vya watoto vimo ndani. Aweza kujua nani ametembelewa na nani, na saa ngapi, kisha akayachukua maneno hayo mpaka kibandani kwa muuza chai. Uwezo wa kulinda na uwezo wa kuudhi umo katika mkono mmoja. Ufunguo ni ule ule. Kilicho tofauti ni moyo wa aushikaye na mipaka aliyowekewa.

Sasa tuuache ukuta wa mawe, tutazame ukuta usioonekana. Katika afisi za kampuni kubwa leo, mfanyakazi hupewa kompyuta mezani, na mara nyingine ndani ya kompyuta hiyo huwekwa kompyuta nyingine. Usistaajabu. Kompyuta hii ya ndani haina chuma wala kioo chake yenyewe. Ni programu iigayo kompyuta kamili, nayo huitwa mashine pepe. Hukaa ndani ya kompyuta ya kweli kama mpangaji akaavyo chumbani. Imepimiwa kumbukumbu yake, imekatiwa nafasi yake ya kuwekea mafaili, na ina mlango wake wa kuingilia kwa neno la siri. Programu zilizomo hufanya kazi kana kwamba ziko katika kompyuta yao wenyewe. Chini yake iko programu igawayo nguvu za mashine ya kweli kwa kila mpangaji kwa zamu na kwa kiasi; na wataalamu waliiita kwa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni mwangalizi. Tazama jinsi watu wa hesabu na watu wa nyumba za kupanga walivyokutana katika neno moja.

Wazo hili si geni. Katikati ya miaka ya 1960, wataalamu wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, walikuwa na mashine kubwa za thamani kubwa, na watu wengi waliotaka kuzitumia kwa wakati mmoja. Wakabuni njia ya kumfanya kila mtumiaji aone kana kwamba amepewa mashine nzima peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza njia hiyo kwa wateja wake wote. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ikauza programu iliyoleta jambo hilo katika kompyuta ndogo za mezani, na mwaka 2004 ikatoa nyingine iliyomwezesha msimamizi mmoja kuzitawala mashine pepe zilizotawanyika katika meza za wafanyakazi wengi. Tangu hapo kazi ya namna hiyo imefanywa kwa programu nyingi na kampuni nyingi.

Fikiri maana yake. Kampuni yenye kompyuta mia tatu haina haja tena ya kumtuma fundi kutoka meza hadi meza. Msimamizi mmoja akaa mahali pamoja, akatengeneza mashine pepe moja iliyo safi, akaisambaza kwa wote. Aamua ni nani aweza kunakili faili na kulitoa nje. Aamua kama kifaa cha kuchomeka kitasomwa au kitakataliwa. Aamua siku ambayo mashine itajifunga yenyewe. Karani akiacha kazi, au kompyuta ikiibwa ndani ya matatu, msimamizi huufunga mlango akiwa mbali, na siri za kampuni haziendi na mwizi. Kijana akaaye Umoja aweza kuajiriwa na kampuni ambayo hajapata kuiona, akatumia kompyuta aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe. Ndani yake kampuni ikaweka chumba chake kimoja, na ikashika ufunguo wa chumba hicho.

Usidhani kwamba jambo hili ni la afisi kubwa tu. Katika mitaa hiyo hiyo liko duka linalojulikana kwa kila mwanafunzi, nalo ni saiba. Mna kompyuta chache zilizopangwa ukutani, na mhudumu mmoja akaaye karibu na mlango. Kutoka kompyuta yake huweza kuzifungua na kuzifunga nyingine zote, kuhesabu dakika za kila mteja, na pengine kuona kilicho katika kioo cha kila mmoja. Mteja huja kuomba cheti cha kuzaliwa au kujaza fomu ya serikali, akaacha nyuma yake nambari ya kitambulisho, jina la mama yake, na mara nyingine hata neno lake la siri, kwa kuwa hakujua kuandika upesi na akamwomba mhudumu amwandikie. Kadhalika ziko simu zinunuliwazo kwa mkopo, ambazo mkopeshaji huweza kuzifunga kutoka mbali mdeni akikosa kulipa. Basi swali letu halikai ghorofani katikati ya mji. Limo mfukoni mwa watu.

Wako wasemao kwamba utawala wa namna hii ni uonevu mtupu, na kwamba mtu mzima aachwe na chombo chake akitumie apendavyo. Tusiwacheke, lakini tuwaonyeshe yaliyotukia. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa uliokuwamo katika mfumo wake wa Windows. Kiraka kilitolewa bure kwa mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa, lakini wengi hawakukitia: huyu aliahirisha, yule hakujua, na mwingine alichoka kuulizwa na kioo chake kila asubuhi. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu mbaya iliyoitwa WannaCry ikaingia kwa ufa ule ule. Ikafunga mafaili na kudai fidia katika kompyuta zaidi ya laki mbili za nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa, na maelfu ya watu waliokuwa na miadi ya daktari wakaambiwa waje siku nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa ulikuwa wa mmoja, lakini ukuta ulioanguka ulikuwa wa wengi. Mgonjwa yule hakuwa na kosa. Hakupata kuahirisha kiraka chochote. Alipata hasara kwa sababu ya uhuru wa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo, mtu asemapo kwamba chombo ni chake na hatari ni yake, atazame kwanza kama ni kweli kwamba hatari ni yake peke yake. Katika jumba la ghorofa, moto wa chumba kimoja si moto wa chumba kimoja. Mahali ambapo kosa la mmoja huwaangukia wote, wote wana haki ya kumweka mtu wa kuangalia. Huo ndio msingi wa haki wa mshika funguo, wala hana mwingine. Yuko kwa ajili ya usalama wa wengi. Hakuwekwa kwa ajili ya ukubwa wake.

Lakini tukiisha kukiri hayo, yatupasa kutazama upande wa pili, nao una hatari mbili. Ya kwanza ni hatari ya kosa. Mtu mwenye ufunguo mmoja akikosea, hukosea kwa mlango mmoja; mwenye funguo zote akikosea, milango yote huumia. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta za wengine, ilituma kwa wateja wake badiliko dogo lililokuwa na kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Ndege hazikuruka, benki zikasita, hospitali zikarudi kwenye karatasi na kalamu. Hapakuwa na mwizi wala adui. Palikuwa na mlinzi aliyekwaa. Na mashine nyingi hazikuweza kuponywa kutoka mbali, ikabidi mafundi waziendee moja moja, meza kwa meza, kazi ile ile ambayo utawala wa mbali ulikusudiwa kuiondoa. Tena kitita cha funguo huwavuta wezi kuliko ufunguo mmoja. Mwezi Julai 2021 wezi waliipata programu ya kampuni ya Kaseya, iliyotumiwa na mafundi kutawala kompyuta za wateja kutoka mbali, na kwa njia hiyo wakaingia kwa mamia ya kampuni kwa pigo moja. Huko Sweden maduka mengi ya Coop yalifungwa kwa sababu mashine za kupokelea fedha hazikufanya kazi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, maana haitokani na mkono kuteleza bali na jicho kutamani. Nakutolea mfano wa wanafunzi kama wewe. Katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, wilaya moja ya shule iliyoitwa Lower Merion iliwapa wanafunzi wake kompyuta za kuchukua nyumbani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutafutia kompyuta iliyopotea au kuibwa, na programu hiyo iliweza kupiga picha kwa kamera ya kompyuta bila mtumiaji kujua. Nia iliyotajwa ilikuwa njema. Lakini mwaka 2010 ikafunuliwa, kwa kesi iliyofikishwa mahakamani, kwamba maelfu ya picha yalikuwa yamepigwa, na nyingine zilipigwa wanafunzi wakiwa nyumbani kwao. Wanafunzi na wazazi wao hawakuwa wameambiwa kwamba jicho hilo limo. Mwezi Oktoba mwaka huo wilaya ilikubali kumaliza shauri kwa dola 610,000. Fedha hizo zilimaliza shauri. Sijui fedha ambayo ingaliweza kumrudishia mtoto imani kwamba chumba chake ni chake.

Hapa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta historia ya jicho lisilo na huruma. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alilazimishwa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake, kazi yake na mshahara wake, ambayo aghalabu alitundika shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri alitakiwa kutia sahihi mtu alipoacha kazi. Akikataa, mtu yule hakuweza kuajiriwa kwingine. Malalamiko juu ya kipande yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyasimamia Harry Thuku, na kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulileta umwagaji wa damu katika Nairobi. Angalia tofauti, msomaji. Kipande kilimwangalia mtu, lakini hakikumlinda. Kilisema habari zake, lakini yeye hakuwa na neno la kusema juu ya habari hizo. Utawala wa namna hiyo, hata ukihamia kutoka bati hadi kioo, haubadiliki jina lake, nao ni utumwa wa taarifa.

Tumeona, basi, kwamba kukosa mwangalizi ni hatari, na kuwa na mwangalizi ni hatari. Mtu mvivu wa fikira atasema tuchague moja. Mimi nasema tuitafute mipaka. Lakini kabla ya mipaka kuna maneno mawili yasemwayo mara nyingi ambayo lazima tuyajibu.

La kwanza husema: kompyuta ni mali ya kampuni, mwenye mali hufanya apendavyo na mali yake. Neno hili lina nusu ya ukweli. Mwenye nyumba aweza kukataza mpangaji asibomoe ukuta, maana ukuta ni wake. Lakini mazungumzo ya mke na mume nyuma ya ukuta huo si yake, ingawa yanasemwa ndani ya mali yake. Vivyo hivyo kampuni inamiliki mashine, haimmiliki mtu. Karani akipata habari ya ugonjwa wa mama yake kupitia kompyuta ya kazini, habari ile haikugeuka mali ya kampuni kwa sababu ilipita katika waya wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huamuru kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, na kwamba mtu huyo ajulishwe. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

La pili husema: asiye na hatia hana la kuficha. Mwenye kusema hivi na aulizwe kwa nini hufunga mlango aogapo. Kuoga si hatia. Mtu huficha mambo mengi ambayo si mabaya: huzuni yake, deni lake, barua ya rafiki, kosa la hesabu alilolifuta kabla mwalimu hajaliona. Akili hukua mahali ambapo yaweza kujaribu na kukosea pasipo macho ya watu. Mtoto atazamwaye kila dakika hujifunza kuonekana mwema, na kuonekana mwema ni mbali sana na kuwa mwema.

Sasa tuje kwenye mipaka, na hapa mashine pepe yenyewe yatufundisha jambo. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ambayo mwangalizi wa mashine pepe lazima ayatimize. Kwanza, programu iliyomo ndani ifanye kazi kama ambavyo ingalifanya katika mashine ya kweli. Pili, mwangalizi awe na mamlaka kamili juu ya mali yote ya mashine, hata pasiwe na mpangaji awezaye kunyakua kisicho chake. Tatu, sehemu kubwa kabisa ya kazi ya mpangaji ipite moja kwa moja pasipo mwangalizi kuingia kati. Masharti haya yaliandikwa kwa ajili ya mashine, wala hayakukusudiwa kuwa mafundisho ya adabu. Lakini tazama sharti la pili na la tatu yakikaa pamoja. Mwenye mamlaka yote ndiye anayeamriwa kuingilia kidogo. Kuwa na uwezo wa kugusa kila kitu si sababu ya kugusa kila kitu. Na mwangalizi aingiliaye kila hatua huharibu kazi ile ile aliyowekwa kuilinda.

Tena liko jambo la ukuta. Yule kijana wa Umoja mwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyobeba chumba kimoja cha kampuni, ana bahati asiyokuwa nayo mchukua kipande. Kampuni yaweza kukitawala chumba chake hicho kwa ukali wote ipendao, kukifagia, kukifunga, kukiondoa, bila kuingia katika sehemu nyingine za nyumba, ambamo zimo picha za harusi ya dada yake na barua zake. Ukuta uliojengwa vema huweza kuitenga kazi na mtu, ili kazi itawaliwe na mtu abaki huru. Msimamizi mwenye haki hushukuru kwa ukuta huo, wala hatoboi tundu la kuchungulia upande wa pili.

Lakini ukuta huo una tabia moja ambayo lazima tuifahamu, na hii ndiyo kiini cha mambo yote niliyokusudia kusema. Aliye chini, mwenye mashine ya kweli, aweza kukiona chumba chote cha juu yake. Aliye chumbani hana njia ya uhakika ya kumwona aliye chini. Mmoja yu katika mwanga, mwingine yu gizani. Katika hali kama hiyo hatuwezi kumwambia aliye chumbani ajilinde mwenyewe, kwa maana hajui ajilinde na nini. Wajibu wote wa kusema humwangukia yule aonaye bila kuonekana. Yeye asiponena, hapana mwingine awezaye kunena. Kwa hiyo nasema kwamba kunyamaza kwake si adabu wala si hekima ya kazi. Ni namna ya uwongo, ijapokuwa hakufungua kinywa.

Kutokana na kiini hicho mipaka yajitokeza yenyewe. Mshika funguo aseme kabla ya kutazama: aeleze ni nini aonacho, kwa nini, na kwa muda gani, kwa lugha ambayo mpangaji wa chini kabisa aweza kuifahamu. Asizidi haja: akiwekwa kuziba nyufa, azibe nyufa, asisome barua. Tena naye awe na wa kumwuliza; kila afunguapo mlango iandikwe mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufuta, na mwingine asome. Mwisho, aliyefungiwa mlango kwa kosa awe na mahali pa kulalamika, na kilio chake kisikilizwe na mtu, si na mashine tu.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kuna mwizi ndani ya kampuni, je, tumpigie mbiu kwamba tunamtafuta? Swali hili ni zuri, na jibu lake liko kwa mlinzi wa usiku. Mtaa mzima wajua kwamba mlinzi huzunguka. Hakuna ajuaye dakika atakayopita kila kona. Kanuni ni wazi, saa ni siri. Anayefanya hivyo hakumdanganya mtu. Adanganyaye ni yule asemaye hakuna mlinzi, kisha akajificha nyuma ya dirisha la mtu.

Wala tusimwachie mshika funguo mzigo wote. Aliye chumbani pia ana deni kwa jirani zake. Atiaye kifaa asichokijua asili yake katika kompyuta ya kazi, ampaye rafiki neno lake la siri, au azimaye ulinzi kwa kuwa unamchelewesha, ni ndugu wa yule apikaye kwa koili huku akijua waya ni dhaifu. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Anayetaka kutazamwa kidogo na aonyeshe kwamba hahitaji kutazamwa sana. Na akiona kanuni ni ya uonevu, aipinge kwa uwazi na kwa hoja mbele ya wenye kuiweka. Asiivunje kwa siri akaita uvunjaji huo ushujaa.

Labda wasema moyoni mwako kwamba mambo haya ni ya wakubwa wa kampuni, nawe ungali shuleni. La. Wengine wenu mtakuwa wasimamizi wa mitambo, na siku ya kwanza ya kazi mtakabidhiwa neno moja la siri lifungualo meza mia tatu. Lakini mazoezi yamekwisha kuanza. Kiranja huitwa kutunza ufunguo wa maktaba. Mweka hazina wa chama cha wanafunzi hushika fedha za wenzake. Na wako wengi miongoni mwenu ambao nyanya zao hawawezi kusoma maandishi madogo ya simu, nao wamewapa wajukuu nambari ya siri ya M-Pesa ili wawatolee fedha. Nyanya yule hawezi kujua umetazama nini baada ya kumtolea shilingi mia tano alizoomba. Hajui kama umehesabu salio lake, ukaona ni nani amtumiaye na ni kiasi gani, ukayasimulia kwa ndugu zako. Wewe waona, yeye haoni. Tofauti ya mahali pako na mahali pa msimamizi wa kompyuta mia tatu ni ya hesabu tu.

Basi kila upewapo ufunguo wa mwingine, na kabla hujautia mlangoni, jiulize: je, ningalifanya tendo hili kama aliyemo ndani angaliniona waziwazi kama mimi nimwonavyo? Jibu likiwa ndiyo, fungua, ufanye kazi yako, ufunge, uende zako. Jibu likiwa hapana, urudishe ufunguo mfukoni, hata kama hapana mtu duniani ambaye angalijua.